Masaa Yasiyohesabika

Ndani ya daftari langu la jalada gumu niko na masaa 412 ya kuruka ndege. Nimetoka Wilson usiku nikaenda Kisumu. Nimetua Mombasa mvua ikimwagika. Nimepotea juu ya Aberdare mara tatu, na mara mbili kati ya hizo niliugonga mlima. Yote nimeyafanya nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki huku Nairobi West, mbele ya laptopu ya mitumba ambayo feni yake inavuma kuliko injini ya Cessna. Ndege za kweli zinapita juu ya paa letu zikielekea Wilson, na mimi niko chini yake na za uongo. Peleka hilo daftari kokote duniani na watakwambia kitu kimoja: masaa yako ni sifuri.

Mama aliwahi kunikuta nikishuka katikati ya mawingu. Akasimama mlangoni, akatazama skrini, akaniuliza, "Na hiyo kitu inakusaidia na nini?"

"Niko kazini, Mama."

Haukuwa uongo kamili. Mimi huandika. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa sehemu ya sababu na mimi mwenyewe nikiwa sehemu nyingine, na tangu hapo nimeandika chochote kinacholipa: maelezo ya viatu, hotuba za harusi, na ndiyo, kazi za darasani za wanafunzi wa ng'ambo wenye pesa lakini hawana muda. Mwaka jana ikaja oda moja: maneno elfu mbili kuhusu jinsi rubani wa Marekani anavyoweza kuandika muda wa simuleta kwenye daftari lake ili kibali chake cha kuruka kwa vyombo kisilale. Niliisoma mara mbili. Kumbe kuna watu wanaokaa kwenye kiti kama mimi, wanakodolea skrini macho kama mimi, halafu serikali inawaambia sawa, hiyo tumeikubali.

Nikaanza kuuliza: nani aliamua? Na lini? Stori yenyewe, ajabu, inaanzia kwenye kiti kingine.

Kiti hicho kinaitwa kiti cha Bárány, kwa jina la Robert Bárány, daktari wa Vienna aliyepewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake wa sikio la ndani. (Habari za tuzo zilimkuta akiwa mfungwa wa vita kule Urusi, lakini tuyaache hayo.) Unaketishwa, unafungwa macho, kiti kinazungushwa, kisha unaulizwa unaelekea wapi. Mwaka 1926, katika uwanja wa Crissy Field mjini San Francisco, rubani wa jeshi la Marekani aitwaye William Ocker alikalishwa juu yake na daktari wa jeshi, David Myers. Ocker hakuwa mgeni angani, alikuwa amekula chumvi. Kiti kilipozungushwa alitaja upande wake sawasawa. Kilipopunguza mwendo, akasema kimesimama. Kiliposimama kabisa, akasema sasa kinazunguka upande wa pili.

Ukitaka kuelewa kilichompata, chukua sufuria ya chai uizungushe. Mwanzoni sufuria inakwenda na chai inabaki nyuma. Ukiendelea, chai inashika mwendo wa sufuria, vinazunguka pamoja. Sasa simamisha sufuria ghafla: chai bado inakwenda. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji, na mwili unajua unageuka kwa sababu majimaji yamebaki nyuma. Yakishashika mwendo, mwili unasema tumenyooka, hata kama bado mnazunguka. Mkisimama, unasema tumegeuka. Na ndege ikijilaza upande mmoja polepole mno, majimaji hayasikii chochote tangu mwanzo. Mchana kweupe hakuna shida, kwa kuwa macho yanaona upeo wa dunia na kulisahihisha sikio. Ndani ya wingu, au usiku usio na taa wala mwezi, sikio linabaki peke yake kwenye uongozi.

Ocker alirudi kwa daktari na kisanduku alichokiunda mwenyewe, ndani yake kukiwa na kipimo cha kuonyesha mgeuko na mwanga wa kukisomea. Akazama na uso wake mle ndani, kiti kikazungushwa, na kila alipoulizwa alijibu sawa. Mwili wake ulikuwa bado unadanganya. Tofauti ni kwamba hakuusikiliza, alisoma tu.

Hilo lilikuwa tusi kwa marubani wa enzi hizo. Wao walijivunia kuihisi ndege mwilini, kama mtu wa boda anavyokwambia hahitaji kuangalia mita. Kuwaambia kwamba mwili ndio adui, hata uwe na uzoefu wa miaka ishirini, ni sawa na kumwambia fundi kwamba mikono yake ni mizigo.

Tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel Field, Long Island, Jimmy Doolittle alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa kabisa, haoni nje. Kwa takriban dakika 15 alifuata vyombo peke yake: upeo bandia na dira ya jairoskopu, vyote vya Sperry, kipimo cha mwinuko cha Kollsman, na mawimbi ya redio. Mbele yake alikuwepo rubani mwingine, Benjamin Kelsey, wa kuokoa mambo yakiharibika, na Kelsey aliiweka mikono yake nje ionekane, ili watu wasije wakasema ni yeye aliyeshika usukani. Doolittle alikuwa na shahada ya udaktari kutoka MIT. Mimi sina hata ile ya kwanza, kwa hivyo acha nimpe heshima yake na kusonga mbele, maana mtu ninayempenda kwenye stori hii ni mwingine.

Edwin Link alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha piano na ogani mjini Binghamton, jimbo la New York. Mwaka 1920 alilipa dola 50 kwa somo lake la kwanza la kuruka. Kwa saa ile nzima mwalimu alipindua ndege, akaizungusha, akajifurahisha, na Link hakugusa usukani hata mara moja. Yeyote aliyewahi kulipia masomo ya udereva hapa Nairobi, akaishia kukaa kiti cha nyuma akitazama wenzake sita wakipokezana gia, anajua hasira ile. Masomo yalikuwa ghali na mwanafunzi alitoka mikono mitupu. Link akarudi kiwandani akaangalia alichokuwa nacho: mivukuto ya ngozi, vali, pampu za hewa. Vitu vinavyoifanya ogani iimbe. Akachukua hivyo hivyo akajenga kisanduku chenye mabawa mafupi, kimekaa juu ya mivukuto. Ukivuta usukani pua inainuka. Ukikanyaga pedali kinageuka. Ukikosea kinazunguka kama ndege inayoanguka. Kilikuwa tayari mwaka 1929.

Alitegemea shule za urubani zitamkimbilia. Hazikumkimbilia. Waliokinunua kwanza walikuwa wenye viwanja vya burudani, na watu wakawa wanalipa sarafu kupanda kisanduku kama wanavyopanda farasi wa kuzunguka. Napenda kulikumbuka hili kila ninapomsikia mtu akisema simuleta ni gemu. Ilianza ikiwa gemu, na ikanyimwa heshima kwa miaka mitano.

Kilichobadilisha mambo ni vifo. Mwezi Februari 1934 Rais Roosevelt alifuta mikataba ya kampuni zilizokuwa zikibeba barua kwa ndege, baada ya tuhuma kwamba zilipewa kazi kwa upendeleo, akalikabidhi jeshi la anga kazi hiyo. Ilikuwa baridi kali. Barua husafiri usiku, husafiri kwenye theluji na ukungu, na wanajeshi wale wengi wao walikuwa wamezoea kuruka mchana, mbingu zikiwa safi. Ndani ya wiki chache walianza kuanguka. Mpaka jeshi linaiacha kazi ile, zaidi ya watu kumi walikuwa wamekufa.

Ndipo maafisa wa jeshi wakakubali kwenda Newark kukiona kisanduku cha Link. Inasimuliwa kwamba siku yenyewe ukungu ulikuwa mzito, wakahesabu kwamba hakuna mtu atakayefika, wakataka kuondoka. Kisha wakasikia injini. Link alikuwa ametoka Binghamton akiruka kwa vyombo, akatua mbele yao. Jeshi likaagiza visanduku sita, kwa takriban dola 3,500 kila kimoja. Vita Kuu ya Pili ilipofika, vilitengenezwa kwa maelfu, na zaidi ya wanaanga laki tano wa upande wa Washirika walipitia humo. Vilipakwa rangi ya samawati, na wanafunzi wakaviita kisanduku cha samawati, kwa mapenzi au kwa chuki ikitegemea siku.

Kwenye meza ya mwalimu, pembeni ya kisanduku, palikuwa na mashine ndogo ya magurudumu matatu. Waliiita kaa. Mwanafunzi akiwa amefungiwa ndani gizani, anadhani ananyooka, kaa alitembea juu ya ramani na kuchora kwa wino njia aliyopita kweli. Mfuniko ulipofunguliwa hukuwa na la kubisha. Nimejaribu kuwaza kijana wa miaka 19 akitoka mle na jasho, amejiamini kabisa, halafu anaonyeshwa mstari mwekundu uliojikunja kama nyoka.

Na mara nyingi aliyemwonyesha alikuwa mwanamke. Jeshi la majini la Marekani lilifundisha wanawake wa kikosi cha WAVES, kule Atlanta, wawe walimu wa Link. Hawakuruhusiwa kuwa marubani wa jeshi hilo. Walifundisha wanaume kuruka ndani ya mawingu, saa baada ya saa, na saa ile ikaandikwa kwenye daftari la mwanamume. Kwake mwanamke haikuandikwa popote. Nilipofika hapo nikasimama kuandika nikaenda kuchemsha chai, maana oda niliyokuwa naifanya ilikuwa na jina la mtu mwingine juu yake.

Kama unadhani haya yote ni hofu ya kizamani, angalia Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1954 watafiti wa pale waliwachukua watu 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wakawarusha kwa ndege ya Bonanza, kisha wakawafunika wasione nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wa kwanza sekunde 20, aliyejikaza zaidi sekunde 480, na wastani wao ni sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Baadaye watu hao hao walipofundishwa utaratibu mfupi wa kugeuza ndege kwa vyombo na kurudi walikotoka, karibu wote waliweza. Hawakuzaliwa wapya, walipewa mazoezi ya masaa machache.

Miaka kama ishirini baadaye, chuo hicho hicho, mwanafunzi aitwaye Bruce Artwick aliandika tasnifu yake ya mwaka 1975 kuhusu namna kompyuta ndogo inavyoweza kuchora mandhari ya ndege inayoruka. Kutokana na hapo ikatoka programu ya Apple II, halafu mwaka 1982 ikatoka Microsoft Flight Simulator, babu wa hii niliyo nayo. Na X-Plane, ambayo wengine wanaipenda zaidi, ilianza kwa Austin Meyer, rubani aliyekuwa amekaa bila kuruka kwa vyombo, akarudi na kukuta kutu imemwingia, akajiandikia programu kwenye Macintosh ili kujinoa. Yaani haikuanza kama mchezo. Ilianza na mtu aliyeogopa alichokuwa amesahau.

Maana ujuzi huu unasahaulika haraka, na sheria inajua. Kwa Marekani, kifungu cha 61.57 kinamtaka rubani mwenye kibali cha vyombo awe, ndani ya miezi sita iliyopita, ameshuka kuelekea kiwanja kwa vyombo mara sita, amezunguka angani kwa utaratibu wa kusubiri zamu, na ameshika na kufuata njia kwa mitambo ya uelekezi. Asipofanya, haruhusiwi kuongoza ndege mawinguni mpaka ayatimize. Miezi sita mingine ikipita bado hajatimiza, lazima akae na mtahini au mwalimu aliyeidhinishwa apimwe upya. Haijalishi una masaa 100 au 10,000.

Mshuko huo si lazima uwe wa angani. Mwaka 1997 mamlaka ya anga ya Marekani ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba kifaa kinachotumia kompyuta ya kawaida ya mezani kinaweza kuidhinishwa, na masaa 10 ya humo yakahesabiwa kwa anayesomea kibali cha vyombo. Lakini kukubali kwa mamlaka ni kama kukubali kwa baba mkwe: kuna masharti. Kwa miaka mingi aliyetumia kifaa hicho kudumisha kibali alitakiwa kurudi kila miezi miwili, akae masaa matatu, tena mwalimu akiwa pembeni. Kuna sharti moja lililonichekesha mpaka nikaamsha jirani. Mwanafunzi aliyetaka saa ya kifaa hicho ihesabiwe kwenye masomo ya kibali alitakiwa avae kofia ya kumzuia asione nje. Nje gani? Kifaa kiko chumbani! Ungeinua macho ungeona kalenda ya ukutani. Sharti la kofia liliondolewa mwaka 2016. Mwaka 2018 yakaondolewa ya miezi miwili na ya mwalimu kwa anayedumisha kibali: sita ndani ya miezi sita, uko peke yako, andika.

Hata hivyo lazima kifaa kiwe na barua ya idhini kutoka kwa mamlaka. Usukani wa aina fulani, vitufe vya kweli vya kushikika, programu iliyopitishwa. Rubani anaandika kwenye daftari aina ya kifaa, mahali, na mishuko aliyofanya, katika safu yake ya pembeni, kwa sababu muda huo haujumlishwi na masaa ya angani. Barua ndiyo tofauti. Programu ya X-Plane inaweza kuwa ile ile, ukungu ule ule, njia ile ile ya kutua. Yake ina barua, yangu haina. Nilikuwa na uchungu na jambo hili kwa muda, kama nilivyo na uchungu na zile kozi nilizofaulu kabla sijaacha chuo, ambazo zimekaa kwenye karatasi mahali na hazinihesabii kitu.

Kisha nikakumbuka Douala, na uchungu ukapungua.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways nambari 507, Boeing 737-800 ambayo bado ilikuwa mpya, iliondoka Douala kuja Nairobi ikiwa na watu 114. Mvua ya radi ilikuwa imeichelewesha. Nakumbuka watu wazima wakijaa sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, na nakumbuka kwamba mabaki yalitafutwa zaidi ya siku nzima huku na kule, kumbe yalikuwa kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita chini ya sita kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Hakupona mtu.

Ripoti ya serikali ya Kamerun ilitoka mwaka 2010. Nimeisoma sasa nikiwa mtu mzima, na nilipoisoma niliona kiti cha Ocker. Usiku mweusi, hakuna taa chini. Ndege inajilaza kulia taratibu sana, taratibu kiasi cha sikio kutosikia. Rubani wa mitambo alikuwa ametajwa lakini hakuwashwa. Vyombo vilikuwa vinasema ukweli kwenye skrini muda wote, na kwa kipindi hicho hakuna aliyekuwa akivipitia. Onyo la kulalia upande lilipolia, kilichofuata kilikuwa mkanganyiko. Tangu magurudumu yaachane na ardhi mpaka mwisho ni takriban dakika mbili.

Hawa hawakuwa watu wa viti vya plastiki. Walikuwa na leseni, na masaa yao yalihesabika. Nayasema haya bila kuwasuta marehemu, maana walikuwa wazazi na ndugu za watu. Ninachosema ni kwamba siwezi tena kulilaumu lile shirika la mbali linalodai barua, mihuri na mishuko sita. Na wakati huo huo siwezi kuamini kwamba muhuri unaijua hali ya mtu aliye mawinguni. Yote mawili yamekaa ndani yangu na hayajapatana.

Nilimaliza oda nikaituma. Baada ya siku mbili mteja akairudisha. Ni nzuri, alisema, ila mwalimu anataka aya moja ya uzoefu wangu binafsi kama rubani mwanafunzi. Niweke kitu kama maneno 200.

Nilikaa nayo jioni nzima. Sijui kama alikuwa amewahi kuruka kwa vyombo, na sikumuuliza. Saa nne usiku nikafungua laptopu, nikaweka ndege Wilson, mawingu mazito, mvua, hakuna mwezi. Nikapaa, nikaiacha ijilaze kulia polepole, huku nimefumba macho, nikajaribu kuhisi kitu. Sikuhisi chochote, bila shaka. Kiti changu hakina mivukuto. Nilipofumbua macho upeo bandia ulikuwa umeinama vibaya na kipimo cha mwinuko kinashuka mbio. Nikanyoosha mabawa kwanza, kisha nikainua pua, kwa mpangilio huo, kama masaa 412 yalivyonifundisha. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikarudi nikatua, stima ikapotea dakika tano baadaye.

Nikaandika aya yake kwenye simu, gizani. Nilimpa safari yangu yote: mvua, mlalo, jinsi mikono ilivyotetemeka. Nilibadilisha tu jina la uwanja. Halafu nikatafuta daftari kwa tochi, nikaandika tarehe na dakika 40.

Alilipa Ijumaa.